Majeruhi wa Kuachwa

Mimi huendesha kompyuta, yeye huendesha vilio. Ndiyo kazi yetu katika chuo cha matabibu wa jeshi. Wanafunzi huvaa miwani mizito inayowaonyesha soko lililolipuliwa, majeruhi wametapakaa kila mahali, nao wanapaswa kuamua haraka nani atibiwe kwanza. Majeruhi ni picha tu, ila sauti zote ni za Mama Vilio, ambaye huketi nami nyuma ya ukuta wa mbao na kipaza sauti mbele yake. Zamani alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio. Asubuhi moja anaweza kuwa bibi mwenye pumu, kuruta aliyevunjika mbavu, na mlevi asiye na hata mchubuko lakini anayepiga kelele kuliko wote. Sauti nzito ya kiume anaitoa vizuri kunishinda mimi mwenye ndevu.

Majeruhi anayewatesa wanafunzi ni mama aliyeungua mwili mzima. Anaongea, anabembeleza, lakini haponi. Mwanafunzi anatakiwa amfunge utepe mweusi, amwache, akimbilie kwa kijana anayevuja damu mguuni, maana huyo akiwahiwa anaishi. Wengi hufelia hapo.

Mwana wa pekee wa Mama Vilio alipoletwa kusoma kwetu, mama yake hakumwambia kitu. Mwenye sauti hizo ni siri ya chuo, na nyumbani alikuwa amesema anapiga chapa ofisini. Siku ya mtihani kijana akafika kwa yule mama wa moto, akasikia "Usiniache," akaganda. Kisha akapiga magoti, akaanza kuifunga picha bandeji. Wa mguu akafa, na tabibu wetu akafeli.

"Jana ananiambia kakutana na sauti kama yangu," Mama Vilio alinisimulia kesho yake. "Nikamwambia, watu wengi, sauti chache."

Nilicheka peke yangu. Mtihani wa marudio ulikuwa Alhamisi. Akifaulu, angeondoka na kikosi kwenda mpakani, kwenye vita. Akifeli, angebaki kambini akigawa mablanketi stoo. Mtoto bado alikuwa analala chumba cha pili, na mama yake alishaanza kumkumbuka. Alikuwa akifua mashati yaliyo safi. Usiku alisimama mlangoni kumsikiliza akikoroma.

"Kukoroma nako kuna utamu gani?" nikamtania.

"Nyamaza wewe, hujazaa."

Alhamisi, akivaa vifaa vya masikioni, akanigeukia. "Nikimwita tu 'mwanangu' pale, haendi popote. Unalijua hilo?"

Mdomo wangu ni mwepesi, wenzangu wanajua, lakini siku hiyo niliinamia vitufe, nikaliwasha soko. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilikuwa na kompyuta tu.

Kijana akaingia. Kwenye skrini nikamwona akiwapita wanaopiga kelele, akafika kwa mama wa moto. Mama Vilio akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Usiniache," akasema, kama ilivyoandikwa, bila kuongeza neno.

Kijana akasimama. Pumzi zake zilijaa kwenye spika. Nilitaka aende, na nilitaka abaki, sijui hata nilikuwa upande wa nani.

"Nisamehe, mama," akasema. Akamfunga utepe mweusi, akaenda kwa wa mguu, akaukaza mkanda juu ya jeraha mpaka damu ikakoma.

Mama Vilio akavua vifaa vya masikioni, akafunika uso kwa viganja. Hapo hapo simu yake ikatetemeka. Mpigaji alikuwa upande wa pili wa mbao, tukawa tunamsikia mara mbili.

"Mama, nimefaulu!"

"Hongera, mwanangu." Alijibu kwa kunong'ona, asisikike huko.

"Ila kuna mama mmoja nimemwacha. Najua ni kompyuta, lakini... nimefanya sawa?"

Mama Vilio akaupa ukuta mgongo. "Umefanya sawa kabisa. Hata ningekuwa mimi, ungeniacha."

Kijana akaangua kicheko, kikatufikia kupitia ukuta. "Wewe? Thubutu! Nikuache wewe niende wapi?"

Jumamosi akapanda lori la kikosi na wenzake.