Mtani wangu Mzaramo alikuja kurithi baiskeli yangu, akaacha damu yake

Wakuu, marahaba.

Najua hamjaniamkia, ila kwa miaka themanini na tisa sina muda wa kusubiri. Haya yamenikuta mwenyewe. Kovu lipo pajani, anayebisha aje hapa Cheyo, Tabora, nimwonyeshe.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nikiwa kijana wa Kinyamwezi mwenye baiskeli mpya na maringo yake. Nikaota uvimbe pajani. Daktari Mzungu hapa Tabora akasema ni saratani, akaukata wote.

Siku ya tatu kidonda kikafumuka. Godoro likaloa damu.

Dresa, yule msaidizi wa daktari, akawaambia ndugu zangu nisipoongezewa damu sifiki jioni.

Sasa mkumbuke, zama zile watu waliogopa mumiani, wale waliosemekana kunyonya damu za watu na kuwauzia Wazungu. Mjomba wangu akakumbuka ghafla kwamba hajafunga ng'ombe. Ng'ombe wenyewe wako mbali huko Urambo.

Kaka yangu alijitolea. Wakampima, damu haikulingana. Hapo nikaogopa kweli.

Ndipo akaingia Kondo, Mzaramo mfanyakazi wa reli, mtani wangu. Kwa wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo ya misafara kwenda pwani. Ukifa, mtani ana ruhusa ya kukudhihaki hadi kaburini na kuondoka na kitu chako.

Kondo alikuwa amesikia nakufa, akawahi. Alikuja wodini akitokea kwangu, juu ya baiskeli yangu.

"Kumbe bado anapumua?" akamuuliza dresa. "Mimi nimeshajaza upepo."

Dresa akamweleza shida. Wakuu, huyu Kondo ndiye aliyekuwa akitusimulia habari za mumiani mpaka tunashindwa kurudi nyumbani. Nikamwona anauangalia mlango. Kisha akakunja mkono wa shati.

"Nipimeni. Huyu Mnyamwezi akifa nitamtania nani?"

Ikalingana. Wakamtoa chupa mbili, akalala kitanda cha pili akilalamika kwamba damu ya pwani inakwenda kuharibikia bara.

"Ukipona ukaanza kudai nazi kwenye kila mboga, usinilaumu," akaniambia.

Nilikaa wodini wiki sita. Uvimbe haukurudi tena. Nilipompelekea Kondo ile baiskeli nikidhani ataikataa kwa aibu, aliikataa kwa dharau: hachukui mali ya mtu hai, atangoja nife.

Akatangulia yeye, miaka mingi baadaye, hapa hapa Tabora.

Zamu yangu ya kutania ilipofika pale kaburini, nikasimama. "Msifukie kwanza," nikasema. "Huyu hajatimia. Chupa zake mbili bado zinatembea."

Watu wakacheka. Mimi nikalia, na mtani halii msibani. Wanawe wakanitoza faini ya jogoo, na haki yao.

Siku ile nilikwenda na baiskeli ile ile, nikawaachia wanawe, nikarudi kwa miguu.

Nilichojifunza: anayekudhihaki kila siku, usimtoe kwenye hesabu ya watakaokuja siku umelala hoi.

Wazaramo mliomo humu, nitukaneni hapo chini mtakavyo. Nazi nilishaanza kuila.