Swali la Mwisho la Mama Maswali

Mtaani kwetu walimwita Mama Maswali, naye hakuchukia. Alisema jina hilo ni afadhali kuliko lile ambalo wauguzi wenzake walimpa zamani, na hilo la zamani hakukubali kunitajia. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wazee mahali pa kuishi na watu wa kuwatunza: huyu msaidizi wa kushinda naye nyumbani, yule chumba kwa mtoto wa ndugu yake, mwingine nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ukimsikia juu juu utadhani ni dalali. Mimi nilidhani hivyo, na siku ya kwanza nilimwambia hivyo usoni, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

"Dalali angekuuliza nyumba ina vyumba vingapi," alinijibu bila kununa. "Mimi nakuuliza, nani anamkata baba yako kucha?"

Sikujua. Niliishi na baba nyumba moja, na sikujua.

Kabla ya hapo alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee kwa miaka ishirini na miwili. Wagonjwa hawakumchosha. Waliomchosha ni waliopona. Daktari ameandika ruhusa, mzee amevalishwa nguo zake, amekaa ukingoni mwa kitanda anatazama mlango, na hakuna anayekuja. Bibi mmoja alikaa hivyo miezi minne. Watoto wake hawakuwa wabaya, Mama Maswali alisisitiza jambo hilo kila alipokisimulia kisa hiki. Kila mmoja alimtegea mwenzake, basi. Wala hakuna aliyemuuliza bibi mwenyewe. Mama Maswali alipomuuliza, bibi alisema anataka kwenda kwa mdogo wake, mjane wa mji wa jirani ambaye watoto walikuwa wamemsahau kabisa. Wiki ile ile akapelekwa, na mdogo mtu akampokea kwa vigelegele. Muda si mrefu Mama Maswali akaacha kazi, akapanga chumba kando ya duka la fundi viatu, akaweka meza, kabati la chuma na viti viwili vya wageni. Watoto wa mzee wakija watatu, mmoja husimama.

"Wa tatu ndiye msemaji siku zote," alinieleza. "Akisimama anachoka mapema."

Baba yangu alikuwa msoma mita za maji. Miaka thelathini na moja alipita mlango kwa mlango na daftari lake, akijua mbwa gani anauma na mama gani atajificha ndani akimwona. Hata baada ya kustaafu watu walimwita Mzee Mita. Mama alipofariki, mikono ya baba ilianza kutetemeka. Akaanguka bafuni mara mbili. Asubuhi moja jirani aliingia mbio kuzima jiko lililokuwa likiunguza sufuria tupu, na baba yuko sebuleni anasikiliza redio. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, natoka alfajiri narudi jioni. Kaka yangu mkubwa anaishi mbali na anatuongoza kwa simu, kama refa aliyebaki nyumbani kwake.

Mama Maswali alikuja Jumamosi moja kabla baba hajaamka. Ndivyo alivyofanya kwa kila mzee: alikaa naye tangu kuamka hadi chakula cha mchana, na watoto hawakuruhusiwa kumjibia. Nilipelekwa jikoni nikaambiwa nifunge mlango. Niliufunga, kisha nikaegemeza sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kunipeleka kwenye ghala la wazee?"

"Mimi ni wa kuuliza tu. Ukilala, unapenda mlango ufungwe au uachwe wazi?"

Baba alicheka. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimemsikia akicheka. Waliongea mpaka saa sita. Alimuuliza chai anaitaka ya moto kiasi gani, mguu upi unamuuma akiinuka, kelele gani anazipenda na zipi zinamuudhi. Akamuuliza pia ni nani hataki amwone akioga, na hapo baba akajibu: "Binti yangu. Mwingine yeyote, sawa. Yeye hapana."

Baada ya wiki tatu akatupatia jibu. Palikuwa na nyumba ya wazee tisa tu, na msimamizi wake ni mkunga mstaafu, mwanamke asiyependa makelele. Palikuwa na mhudumu wa kiume wa kuogesha. Na palikuwa na chumba kimoja cha mbele, dirisha lake linatazama barabara, yenye wachuuzi, wanafunzi na baiskeli kutwa nzima.

"Wenye nyumba za wazee wote wananionyesha bustani," Mama Maswali alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akijivuna. "Baba yako hataki maua. Anataka watu wapite."

Alikuwa na sharti moja. Kabla ya kuhama, watoto wote wakiwapo, yeye humuuliza mzee swali la mwisho: unakubali kuhamia pale? Mzee akikataa, kazi inaanza upya. Basi akamuuliza baba mbele yangu na mbele ya kaka, aliyekuja kwa siku tatu. Baba akajibu kwamba katika nyumba yake mwenyewe atatoka kwa jeneza tu, asante sana, chai ipo kwenye chupa.

Mama Maswali akafunga daftari. Alituambia tutafute msaidizi wa kushinda naye kwa sasa, na tumpe mzee muda. Kaka hakuwa na muda. Jioni ile aliniita uani akaniambia la kufanya: tumwambie baba kwamba dari limeoza, fundi anakuja, akalale wiki mbili mahali pengine. Akishazoea, mambo yatakwisha yenyewe. Nilimwambia kaka ni aibu. Kisha nikaenda nikamwambia baba mimi mwenyewe, maana tulijua mimi ataniamini. Aliniamini. Alitazama dari akasema kweli, hata yeye aliona doa.

Kaka akampigia Mama Maswali simu kwamba mzee amekubali. Siku ya kuhama Mama Maswali alikuja na gari. Baba alitoka na mkoba mdogo, mashati mawili na redio, akamwambia kwa furaha, "Wiki mbili si nyingi."

Mama Maswali alinitazama. Mimi nikatazama chini. Alikuwa na nafasi ya kusema, gari lilikuwa bado halijawashwa, na hakusema. Baadaye alinipa sababu bila kujitetea: "Chumba kilikuwa kizuri mno. Nilikitafuta wiki tatu, kikamkaa kama shati la kupimiwa. Nikajiambia akikiona, atasamehe." Mtu asiyeijua kazi yake asingekosea vile.

Wiki mbili zile baba alifurahi. Alijua muda wa kila mchuuzi. Nami nilijipa moyo kwamba uongo umezaa matunda. Siku ya kumi na tano sikwenda. Nilijificha nyuma ya mitihani ya darasa la tano nikazima simu, mimi ninayewachapa watoto wa watu maneno wakidanganya kuhusu kazi ya nyumbani.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia mlangoni pa darasa, saa nane mchana, Mama Maswali amesimama pale na jasho usoni. Msimamizi alikuwa amenipigia mara sita bila kunipata, ndipo akampigia yeye.

"Mwalimu, twende," alisema. "Baba yako amevaa viatu tangu saa kumi na mbili asubuhi. Amekaa na mkoba wake, anakataa kula. Anasema atakula kwake."

Tulimkuta kwenye kiti karibu na mlango wa nje, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alipotuona aliinuka. Mama Maswali alimwomba akae, kisha naye akavuta kigoda akakaa chini kuliko yeye.

"Mzee, hakuna fundi. Dari halijaguswa. Mimi niliujua uongo huu siku ile garini, nikaufumbia macho. Naomba radhi."

Nami nikasema yangu. Nilisema ni mimi niliyemwambia, na kwamba nilijua. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. Baba alitusikiliza wote wawili mpaka tukamaliza.

"Nimewapelekea watu habari mbaya miaka thelathini na moja," alisema hatimaye. "Nagonga mlango, namwambia mtu uso kwa uso: bomba lako linavuja, mita yako inasoma hivi. Wengine walinitukana. Hakuna aliyekufa. Sasa nyinyi, nani aliona mimi siwezi kuambiwa?"

Akauinua mkoba wake.

"Nirudisheni nyumbani."

Tulimrudisha siku ile ile. Kaka alifoka kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio, lakini Mama Maswali alisema kauli ni ya mzee, na yeye mwenyewe akaizima simu yangu. Akatupatia msaidizi wa mchana, kijana mtulivu aliyeondoka saa kumi na moja jioni. Kwa siku nane mambo yalikwenda. Baba hakunisemesha ila salamu.

Siku ya tisa, msaidizi ameshaondoka, nilimkuta baba kitandani amejichafua na hawezi kuinuka. Nilichemsha maji. Nilimvua, nikamwosha, nikambadilisha shuka. Muda wote aligeuzia uso ukutani. Nilijikaza kisabuni mpaka nilipofika uani na yale maji, ndipo nikalia. Kwake sikuona chochote cha kunifedhehesha, ila nilijua yeye alichoona.

Asubuhi akaniambia nimwite Mama Maswali. Alipokuja, baba hakumzungusha.

"Kile chumba bado kipo?"

Ningekuwa mimi, ningetia asali kidogo. Yeye hakutia.

"Hakipo, mzee. Ulipotoka alipewa mtu mwingine. Kilichobaki kiko nyuma. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, na jua halifiki mpaka alasiri. Mhudumu wa kuogesha ni yule yule. Safari hii si wiki mbili, ukienda ni kukaa. Nyumba hii watoto wako hawajaamua wataifanya nini."

Kisha akaniambia nimpigie kaka na niweke simu mezani asikie. Akauliza swali lake la mwisho, taratibu, neno kwa neno. "Mzee, unakubali kuhamia pale?"

Kaka alianza kusema kitu kwenye simu, Mama Maswali akaigonga meza kwa kidole, kaka akaacha.

"Nakubali," baba alisema.

Safari hii alifungasha vyote, pamoja na picha ya mama na ile kofia yake ya kazi. Alifunga mlango mwenyewe kwa ile mikono, ikamchukua dakika nzima kulipata tundu la ufunguo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliishi katika chumba cha nyuma mwaka mmoja na miezi miwili, mpaka mauti yalipomkuta. Mama Maswali alimtembelea kila Alhamisi. Familia mpya ikiingia ofisini kwake sasa, kabla ya kuwauliza lolote huwasimulia habari ya mzee aliyekaa mlangoni na viatu, na hasemi ni watoto waliomdanganya. Anasema ni yeye.

Mimi nilikwenda kila Jumapili. Kila nikiingia, macho yangu yalikwenda kwenye ule ukuta mtupu wa jirani, na roho ikaniuma, kwa kuwa nilijua uongo wangu ndio uliomnyima dirisha la barabarani. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia hivyo. Nilimwambia chumba cha mbele kimeachwa wazi, nimekwisha kuzungumza na msimamizi, wiki ijayo tunamhamishia.

Baba alinitazama mpaka nikaona aibu. Nilikuwa nimemwamulia tena bila kumuuliza.

"Kile mlinipeleka," alisema. "Hiki nimekuja mwenyewe. Niache hapa."