Kitambulisho cha Yaya Furaha

Asubuhi ile nilimbebea dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, beseni la sabuni mpaka darajani, kama kila Jumanne kabla ya shule. Mji wetu, Bukavu, umekaa juu ya ziwa kama mkono ulionyoosha vidole majini. Pale ziwa linapogeuka kuwa mto Ruzizi, ndipo nchi yetu inapoishia na Rwanda inapoanza. Daraja ni fupi. Ukipiga mluzi upande huu, mtu wa upande ule anageuka. Babu zetu walivuka kwenda kuoa na kuzika kabla mtu yeyote hajachora mpaka kwenye maji hayo.

Wachuuzi hawakuwa na pasipoti. Uliacha kitambulisho chako kwenye meza iliyo kando ya kizuizi, ukapewa jetoni, yaani kijibati chenye namba. Jioni ulirudisha jetoni, ukachukua kitambulisho, au karte kama tunavyokiita. Yaya Furaha alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi kumi na sita. Karani wa kizuizi alimzoea.

"Furaha, leo unarudi, ama unaolewa kule?"

"Nikiolewa, Papa, utaniletea karte yangu pamoja na mahari."

Akajitwika beseni, akaniambia nimngoje saa kumi, nimsaidie kubeba nyanya. Sikumtazama akivuka. Kwa nini ningemtazama?

Saa sita mwalimu wa jiografia alikuwa akichora ziwa letu ubaoni mizinga ilipoanza. Alisimama na chaki mkononi, kama anayesubiri kelele zipite aendelee. Kisha akatuambia twende nyumbani.

Sikwenda nyumbani. Nilikimbilia darajani.

Wengine walisema wanaopiga wanatoka ng'ambo, wengine walisema wanatoka milimani nyuma yetu. Watu walikimbia kushuka na watu walikimbia kupanda, na kila upande uliuita upande mwingine wendawazimu.

Karani hakuwepo. Meza ilikuwa imepinduka.

Vitambulisho vilitapakaa chini, nyuso zikitazama juu. Nikapiga magoti, nikatafuta, nikakiona cha Yaya. Niliwaza kwamba mvua itakilowesha, au askari atakikanyaga, na bila karte dada yangu atasumbuliwa. Nikakitia ndani ya soksi.

Risasi ikapiga chuma cha daraja.

Nikakimbia.

Hapo kumbukumbu zangu zinachanganyika. Najua tulitoka mjini na Mama kwa miguu, na kwamba tulilala kwenye shule ya kijiji fulani. Siku ngapi, sijui. Mama anasema wiki tatu. Mimi ningeapa ni tano.

Tuliporudi, jirani yetu Mama Neema alikuja kutusimulia. Alikuwa amevuka na Yaya siku ile. Alasiri walirudi mpaka darajani, jetoni mkononi. Askari wapya, ambao hakujua ni wa nani, walikuwa wamekusanya vitambulisho ndani ya beseni wakiita majina. Aliyeitwa alipita. Mama Neema akaitwa. Furaha hakuitwa.

"Alisema, iko hapo, muangalie muzuri," Mama Neema alitueleza. "Akawaonyesha jetoni. Wakamwambia jetoni haina sura."

Wakamrudisha ng'ambo. Hakuna aliyemwona tena.

Lakini Mama Neema alituambia pia kwamba walioitwa pamoja naye walikuwa kumi, na kwa risasi za barabarani waliofika nyumbani wakiwa hai ni watatu. Kwa hiyo sijui. Huenda nilimfungia dada yangu mlango, huenda nilimwepusha na barabara ile. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi na halina upande wa juu.

Mama aliuliza, "Karte yake ilienda wapi?"

Nikasema sijui.

Tangu hapo sijakaa mahali. Uvira, Kigoma, Lusaka, Harare. Sasa niko Durban, Albert Park, natengeneza simu. Mwezi uliopita baharia Mvietnamu alikuja kutoka bandarini na simu iliyopasuka kioo. Nilipokuwa nikiijaribu, ikafunguka picha: mto, daraja fupi, milima pande zote mbili. Nilidhani ni kwetu. Akasema ni mji wake wa mpakani, na ng'ambo ni Uchina. Wazee wake walivuka kwenda sokoni kama sisi, mpaka nchi hizo mbili zikapigana na daraja likavunjwa. Shangazi yake alikwama ng'ambo.

Nikamuuliza kama alirudi.

"Alirudi," akasema. "Amezeeka. Tulimsahau sura."

Alipoondoka nilifunga duka mchana kweupe, nikampigia Mama simu Bukavu. Nikamwambia karte ya Yaya ninayo mimi, niliiokota darajani siku ile, na nilimdanganya.

Nilimsikia akivuta kigoda na kuketi.

"Najua," akasema. "Ile soksi, nani alikuwa anakufulia?"

Sikumuuliza kwa nini hakuniambia. Yeye pia hakuniuliza kwa nini nilificha. Akasema tu niitunze, niiweke mbali na maji, mwenyewe akija ataidai.

Iko kwenye droo, kati ya bisibisi na vioo vya simu. Nchi iliyoandikwa juu yake ilishabadilisha jina. Jina la Yaya bado linasomeka.