Pula ya Kitale

Harufu ya grisi iliyochanganyika na mpira wa tairi hunichosha. Juzi niliinusa nikipita sokoni Bungoma, na mara nikawa tena na miaka kumi, kwenye kibanda cha Baba cha kutengeneza baiskeli.

Niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Jumamosi moja Baba alienda kunywa chai, nami nikataka aone kuwa msichana pia ni fundi. Nikachukua pula, kile kifaa cha kung'olea mkono wa pedeli, nikaizungusha mara mbili tu badala ya kuiingiza mpaka mwisho, kisha nikakaza boliti yake kwa spana. Krr! Meno ya ndani ya mkono wa pedeli wa baiskeli ya Mwalimu, aliyoileta itengenezwe, yakasagika yote.

Baba alirudi, akatazama mkono, akatazama pula. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Pula hiyo aliuziwa na rafiki yake Wekesa, mwenye duka la vipuri, ambaye alikula kwetu kila Jumapili baada ya kanisa.

"Ati Wekesa ameniuzia takataka? Wekesa, bana!"

Nikafagia mahali palipokuwa safi.

Mwalimu alipewa mkono wa baiskeli ya Baba mwenyewe. Kisha tukaenda Kitale kutafuta pula ya kuaminika. Tuliingia duka baada ya duka mpaka miguu ikanivimba. Kila pula Baba aliipitishia ukucha kwenye meno, akaijaribu kwa vidole kabla ya spana, akaipima uzito kiganjani.

"Hii meno yake ni fupi kama ya Wekesa. Si unaona?"

Nikasema naona. Alipopata nzito iliyomridhisha, jua lilikuwa limetuchoma kweli kweli, na nilitamani tu kulala.

Wekesa hakula kwetu tena. Baba alipokutana naye barabarani, alivuka upande wa pili. Mimi nilifurahi kwamba sikuchapwa. Mtoto huogopa kiboko, mengine hayaoni. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba Baba alizeeka bila rafiki kwa sababu yangu.

Kwenye matanga ya Baba, mwaka jana, Mzee Wekesa alikuja na mkongojo, akaketi kando yangu.

"Mama, baba yako alikuambianga mimi nilimkosea nini?"

Nilifungua mdomo. Nikasema sijui.

"Basi nilimkosea, nikasahau," akasema, akaniomba msamaha.