Mama Mbuzi Aliyerudi na Miwani

Jumamosi iliyopita binti yangu alitoka sebuleni ameishika simu yangu kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu aliyeokota panya mfu. "Mama, huyu si yeye," akaniambia. Nikaacha cherehani, nikatazama. Kweli, hakuwa yeye.

Nikueleze, maana huenda wewe hukukulia upande wetu huu. Kuna kipindi cha watoto cha televisheni, cha Kiingereza, kilichoanza kabla sijazaliwa na mpaka leo kipo. Kinahusu familia ya mbuzi wenye duka. Wote walikuwa wanasesere wa kitambaa, unaona kabisa mishono ya shingoni. Kina jina lake la Kiingereza, lakini sisi watoto wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, tulikiita Mama Mbuzi, na hilo linatosha. Sasa wenye kipindi wamewatupa wanasesere wote na kuwachora upya kwa kompyuta. Duka limekuwa supamaketi. Mbuzi wanang'aa kama waliopakwa mafuta ya kupikia, na sauti zote ni ngeni.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Wahenga walisema wasiwasi ndiyo akili, ila wa kwangu umepita akili. Mama yangu akipanda gari Bwera kuja kwangu hapa Kasese, nusu saa haijapita nimeshampigia simu mara tatu. Basi badala ya kuendelea na kazi, nikaingia kwenye kundi la mtandaoni la watu waliokua na kipindi hicho, nione kama wenzangu nao wameumia. Walikuwa wameumia haswa. Mwanamke mmoja wa Nairobi alisema amelia kazini mbele ya bosi wake. Mwanamume wa Mbarara aliapa watoto wake hawatakitazama tena. Mwingine alikuwa ameandika maneno mengi sana kuhusu urefu wa pembe. Watu wazima, wenye ndevu na vitambi, wanagombania pembe za mbuzi. Nilicheka, lakini na mimi nikaandika la moyoni. Niliandika kwamba wangeturudishia angalau Mama Mbuzi wa zamani, yule aliyekwenda safari ndefu akarudi amevaa miwani.

Majibu yalikuja upesi. "Dada, ulitazama kipindi gani wewe?" Mwingine akanifundisha kwa upole kama mwalimu wa darasa la kwanza: Mama Mbuzi hakuwahi kurudi, mwenye miwani ni Shangazi, kila mtu anajua. Kisha akajitokeza muuguzi mmoja anayefanya kazi Kampala, mzaliwa wa Bwera, akaandika: "Alirudi. Nilimwona." Na dereva mmoja wa Hima, naye wa kwetu, akasema hivyo hivyo. Tukawa watu watatu wa Bwera upande mmoja, na dunia nzima upande wa pili. Ili unielewe, lazima nikurudishe kwenye nyumba tulimomwona.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi na bibi yangu juu kidogo ya barabara iendayo mpakani, mahali ambapo asubuhi unasikia malori ya kahawa yakiguna kupanda na jioni unasikia harufu ya mihogo iliyoanikwa. Mama alikuwa mfanyabiashara. Alichukua chumvi Katwe, akaivusha Kongo hadi Beni, mara nyingine mpaka Butembo, na kurudi na mawese na vitenge. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na nywele alizosuka kila siku ya soko. Safari yake ilikuwa ya wiki moja, ikizidi sana siku kumi.

Jirani yetu alikuwa mtu wa Butembo aliyehamia kwetu miaka mingi nyuma. Yeye alitengeneza redio na mkewe aliuza maharage. Walikuwa na televisheni ndogo iliyotumia betri ya gari, na kila Jumamosi mchana walitufungulia mlango. Kiingilio chetu kilikuwa kazi: kila mtoto alipewa sahani ya maharage ayachambue, atoe mawe na yaliyooza, huku anatazama. Mpaka leo nikisikia maharage yakianguka kwenye bati, masikio yangu yanangoja muziki wa kile kipindi.

Kwa kuwa Kiingereza chetu kilikuwa cha kusalimia mwalimu tu, jirani ndiye aliyetutafsiria. Alisimama kando ya televisheni, mkono mfukoni, kama wale watafsiri wa vibanda vya video, akasema kila mbuzi kwa sauti yake. Sasa ndio najua kwamba Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Alisomea Kifaransa. Pale asipoelewa alitunga, na hakuelewa pengi. Mbuzi wake walikula sombe ya majani ya muhogo, walikwenda misa, waligombana na askari wa ushuru. Hatukuona kasoro yoyote. Mke wake alikuwa akicheka mlangoni na ungo wake, akimwambia, "Weye, unabongea batoto bongo," yaani anatudanganya watoto, naye mumewe anaendelea tu.

Siku moja ya soko mama yangu na mke wa jirani waliondoka pamoja kwenda Beni. Mke wa jirani alikuwa akienda kuona ndugu zake na kununua mbegu. Kabla ya wiki kwisha tukasikia njia ya Beni imefungwa, kuna vita. Watu walianza kuvuka kuja upande wetu na magodoro kichwani. Nilisimama kando ya barabara kila nikitoka shule, nikitazama nyuso za wanawake mmoja mmoja, hata bibi akaja kunishika sikio kunirudisha nyumbani. Bibi mwenyewe hakusema neno la hofu. Alisonga obundu, ule ugali wetu wa muhogo, na kila siku alimtengea mama sehemu yake. "Anayengojewa hapikiwi kidogo," alikuwa akisema. Asubuhi tulikula kile kiporo.

Katika wiki hizo hizo Mama Mbuzi aliondoka dukani. Leo najua sababu: aliyekuwa akimsemea aliacha kazi. Wakati ule niliona tu amefunga sanduku, watoto wake wanalia, mlango unafungwa. Sisi nasi tukaacha maharage, tukamgeukia jirani. Akasema, "Ameenda kutafuta bintu ya butiki, ya kuuza mu duka. Njia imefungwa. Ikifunguka atarudia. Muchambue maharage."

Wewe unajua mtoto anavyofikiri. Nilijiwekea moyoni kwamba Mama Mbuzi akirudi, mama atarudi, na asiporudi, basi. Sikumwambia mtu. Jumamosi ya kwanza hakurudi. Ya pili hakurudi. Msichana mmoja aliyesoma bweni alipita mlangoni, akatazama kidogo, akasema yule mbuzi haji tena. Nilimrushia konzi ya maharage, nikakimbilia nyuma ya nyumba nikatapika. Jirani alinifuata. Hakunigombeza kwa maharage. Alinipa maji ninawe uso, akasimama nami pale mpaka nilipotulia, na sikujiuliza hata mara moja yeye mwenyewe anangoja nini.

Jumamosi ya tatu ilikuwa tofauti. Jirani alitufungulia mlango amevaa shati la misa. Kipindi kilipoanza, mlango wa duka ulifunguka akaingia mbuzi wa kike amevaa miwani na kitambaa cha kichwani, mwembamba, sauti yake ya kukwaruza. Watoto wakanong'ona. Jirani akatoa mkono mfukoni, akamwonyesha kwa kidole.

"Vuala, huyu hapa, munamuona? Amerudia. Ni yeye. Miwani alivaa sababu macho ilichoka na vumbi. Sauti iliharibika mu njia. Mutu akitoka mbali anabadilika, lakini ni yeye. Musimuogope."

Alilirudia lile neno la mwisho, na nakumbuka alinitazama mimi. Nilifurahi sana. Kisha, kama ilivyo desturi yangu, hofu ikatafuta mlango mwingine: je, na mama akirudi atakuwa na sauti nyingine? Nilitoka mle nikiruka ruka hata hivyo. Nilipofika nyumbani nikamwambia bibi, "Amerudi," naye akanigeuzia mgongo akachochea moto.

Siku ya soko iliyofuata mama alishushwa na lori mbele ya nyumba yetu. Nisingemjua. Alikuwa amekonda, amenyolewa kichwa chote, macho yameingia ndani, na aliponiita jina sauti ilitoka kama ya mzee. Mdogo wangu alipiga kelele akajificha nyuma ya pipa. Mimi nilikwenda moja kwa moja. Nilimshika kiuno na kumwambia mdogo wangu asiogope, mtu akitoka mbali anabadilika. Mama alilia sana kwa neno hilo.

Alirudi peke yake. Kesho yake vilio vikaanza kwa jirani, na watu wakajaa uani kwake. Sisi watoto tulizuiwa kwenda. Ndivyo nilivyojua kwamba mkewe amefariki huko porini walikokimbilia, kwa homa, na kwa miaka yote hii niliamini mama ndiye aliyempelekea habari. Jambo hilo lilinisumbua kuliko ninavyoweza kukueleza. Niliona kama kwamba sisi tulikuwa tumeomba kwa nguvu zaidi, tukapewa sehemu ya jirani. Baada ya siku za matanga jirani alifunga vitu vyake, akavuka kwenda kwa ndugu wa mkewe. Hatukusikia tena habari zake. Ile nyumba sasa ni mahali pa kutengeneza pikipiki.

Basi, turudi kwenye kundi. Mwanamke wa Nairobi alichoka na ubishi wetu, akatuwekea kipande chenyewe cha zamani. Nilikitazama kwenye meza ya kukatia nguo, binti yangu begani. Kiingereza ninakijua sasa. Mbuzi mwenye miwani anaingia dukani, na maneno yake ya kwanza ni haya: yeye si mama yao, mama yao hatarudi, yeye ni shangazi na amekuja kuwapenda. Nilirudia mara nne. Hata mtu wa Kiingereza cha kubahatisha asingeweza kukosea pale. Alijua, na akatuambia kinyume.

Nikampigia mama Bwera. Kwanza akashtuka, maana simu zangu humshtua. Nikamuuliza, siku ile uliporudi, jirani alisemaje ulipomwambia?

"Mwanangu, si mimi nilimwambia," akasema. "Alikuwa ameshajua. Dereva moja ya lori ya kahawa ilinikuta kwa masista, mimi niko mgonjwa. Ilifika Bwera Alhamisi. Ilimwambia yote, bibi yako iko hapo. Bibi anataka kuita watu, yeye anakataa. Anasema, mungoje huyu mama afike kwanza, mutoto wake asisikie kilio akafikiri ni mama yake. Tena akauliza dereva, huyu mama anafanana namna gani sasa? Dereva ikamwambia: amenyolewa, amekonda, sauti imekwisha."

Alhamisi. Na sisi tulikuwa mle Jumamosi.

Sikuweza kushona tena siku hiyo. Binti yangu alitaka kujua mbona nalia na kipindi chenyewe ni cha watoto, nikamwambia nitamweleza akikua, jibu ambalo mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nililichukia. Kwenye kundi bado wanabishana. Wanakusanya majina ya kuwapelekea wenye kipindi, ili wanasesere wa kitambaa warudishwe, na muuguzi wa Kampala ananiuliza mbona sisi wa Bwera sijatuandikisha. Sijamjibu. Nitaandika nini? Kile ninachotaka kirudishwe hakikuwahi kuwa kwenye studio yoyote. Kilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja, kwenye chumba kimoja, na mtu huyo sijui kama yu hai wala yuko wapi.

Nakumbuka jinsi alivyosimama na shati lake la misa, amejua siku mbili kwamba amefiwa, akimsemea mbuzi kwa sauti ya kukwaruza ili mimi nisije nikamkimbia mama yangu. Nilimaliza sahani yangu ya maharage, nikamkabidhi, naye akaniambia nimechambua vizuri. Nikatoka nikicheka. Sikumpa hata pole.