Uvimbe Nyuma ya Goti: Kutoka Marafa Hadi Kilifi

Niliondoka nyumbani Marafa kwa sababu ya uvimbe ulioota nyuma ya goti langu la kushoto, na kwa sababu ya kaka yangu Charo. Uvimbe wenyewe ulikuwa laini, mkubwa kiasi cha yai la kuku. Nikikaa hauonekani, lakini nikisimama na kunyoosha mguu unajaa na kukaza kama mpira uliopulizwa. Charo naye alianza na uvimbe gotini. Wake ulikuwa mgumu, ukakua, madaktari wakasema ni saratani ya mfupa. Walimkata mguu, na mwaka haukuisha tukamzika. Kwa hiyo siku nilipougusa wangu kwa mara ya kwanza, nikiwa naoga, sikujiuliza ni kitu gani. Nilidhani najua.

Miezi kadhaa nikauficha chini ya leso niliyojifunga kiunoni. Kuchuchumaa kupalilia mananasi kukawa taabu, nikawa napalilia nimeinama. Jumapili moja mume wangu Katana aliniona nikipanda ngazi za kanisa, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukiburutwa. Tulipofika nyumbani akaniambia nimwonyeshe. Alitazama, akaurudisha mguu wangu chini polepole.

"Uende Kilifi, hospitali," akasema. "Mimi nitabaki na mama na mbuzi."

Hakuongeza neno. Mama yake alikuwa hawezi kuachwa peke yake, nami nililielewa hilo. Lakini ukimya ule uliniumiza. Niliona kama ameshakata tamaa juu yangu.

Asubuhi ya safari nilipata nafasi kwenye gari la jirani aliyekuwa akipeleka mananasi sokoni Malindi. Aliniweka mbele ili niweze kunyoosha mguu. Njia nzima alizungumza habari za mvua, nami nikaitikia bila kusikia. Nilikuwa nikitazama mashamba ya watu, mikorosho, watoto waliovaa sare wakienda shule, na kila kitu nilikitazama kama mtu anayeaga. Tulipovuka daraja la Sabaki, maji yakiwa mekundu kwa udongo, niliweka mkono nyuma ya goti. Uvimbe ulikuwepo. Sijui nilitarajia nini.

Malindi nilishukia kwa Bi Maryamu, pale mtaani Shela. Ni mfanyabiashara wa nguo, wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini, na tumefahamiana tangu enzi nilipokuwa nikimletea mananasi mlangoni.

"Shikamoo, Bi Maryamu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wachechemea? Ingia, keti."

Nilipomweleza, nilimweleza yote, pamoja na habari za Charo. Hakunikatiza. Alinimiminia chai, akasogeza sahani ya mahamri, akasema, "Kesho twenda sote. Mtu haendi kusikia habari kama hiyo peke yake."

Alasiri maumivu yalizidi, nikatoka kwenda duka la dawa lililokuwa karibu kutafuta vidonge. Muuzaji, mwanamume mwenye koti jeupe, aliniuliza maswali mawili matatu kisha akanipeleka nyuma ya pazia. Nikalala kifudifudi. Akabonyeza uvimbe kwa kidole gumba.

"Hili dogo," akasema. "Nalitoboa kwa sindano sasa hivi, naufyonza uchafu, jioni unatembea."

"Ndani mna nini?"

"Maji, au usaha. Yakitoka tutajua."

Nilimsikia akifungua karatasi ya sindano. Nataka mwelewe, nilitamani afanye. Nilitaka kitu kile kitoke mwilini mwangu kabla hakijapewa jina. Lakini kabla hajanichoma nilihisi mapigo ya mshipa pale pale chini ya kidole chake, yakidunda kwa nguvu. Ikiwa naye hajui mna nini, basi sindano ile inakwenda wapi? Nikainuka.

"Samahani. Nitangoja hospitali."

"Utajutia," akasema, akairudisha sindano mezani.

Nikarudi kwa Bi Maryamu nikichechemea, bila vidonge.

Siku ya pili tulipanda basi la kwenda Kilifi. Tulipofika Gede, dereva alisimama kituoni kupakia abiria, na kwa kuwa mguu ulikuwa umekufa ganzi, nami nikashuka. Nilipokanyaga chini, kitu kilipasuka nyuma ya goti. Sikusikia sauti, lakini nilihisi kama maji ya moto yanamwagika ndani ya nyama, yakiteremka kwenye shavu la mguu mpaka karibu na kifundo. Nikashika mlango wa basi. Bi Maryamu akanidaka mkono.

"Umepasuka," nikamwambia. Sauti haikuwa yangu.

Tulitazama wote wawili. Nyuma ya goti palikuwa pametulia, yai halipo. Lakini chini yake mguu ulikuwa ukivimba, umekaza na una joto. Mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa hapo kituoni akainama kuangalia.

"Hiyo ni damu iliyoganda," akasema kwa upole, kama anayetoa pole. "Shangazi yangu ilimpanda hivyo hivyo hadi kifuani. Msikae hapa."

Kutoka Gede hadi Kilifi sikumbuki njia. Nakumbuka nilikuwa nikihesabu pumzi zangu, nikingoja ile nitakayoikosa. Msitu ulipita dirishani, kisha mashamba ya mkonge, nami kila mahali niliposikia kichomi kidogo kifuani nilimshika Bi Maryamu. Yeye alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Nikasali sala zangu, yeye akasoma zake, na mkono hakuuachia.

Kilifi, watu wa mapokezi hospitalini walipouona mguu hawakuniweka kwenye foleni. Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye miwani. Aliuliza kama napumua vizuri, kama kifua kinauma, kama nimewahi kupigwa goti. Kisha akaniuliza mwenyewe nadhani nina nini.

"Saratani," nikasema. "Na sasa damu imeganda, mama mmoja njiani kaniambia."

"Saratani nani kakwambia?"

Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Hilo la damu," akasema, "huyo mama hakukosea kukuonya. Dalili zafanana kabisa, hata mimi siwezi kujua kwa macho. Ndiyo maana tutapima kwanza."

Wakanipaka mafuta baridi mguuni na kupitisha kifaa cha altrasaundi kutoka pajani hadi chini. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Nilimwangalia daktari usoni badala ya kuangalia kioo cha mashine, maana uso ndio ningeuelewa. Kisha nikapigwa eksirei. Kungoja majibu kulikuwa kurefu kuliko safari yote. Bi Maryamu alinilisha chungwa, kipande kwa kipande, kama mgonjwa asiye na mikono.

Alipotuita alikuwa ameshika picha.

"Mishipa yako inapitisha damu vizuri, hakuna iliyoganda. Na mfupa hauna dalili ya saratani."

Nilimwomba arudie. Akarudia, polepole zaidi. Kisha akanieleza. Gegedu la goti langu, ile nyama ngumu inayotenganisha mifupa, limelika kwa miaka ya kuinama na kubeba. Goti linapokereka hutengeneza ute mwingi kuliko linavyouhitaji. Ute ule husukumwa nyuma, ukajaa kwenye kifuko kilichopo pale, na kwa kawaida haurudi mbele kwa urahisi. Ule ndio uliokuwa uvimbe wangu. Kituoni Gede kifuko kilipasuka, na ute ukamwagika kwenye shavu la mguu.

"Utafyonzwa na mwili wenyewe. Kifundo kinaweza kupiga weusi, usitishike."

Nikamweleza habari za duka la dawa. Akavua miwani.

"Pale nyuma pana mshipa mkubwa wa damu na neva ya mguu. Asante kwa kuinuka."

Hata hivyo naye alileta sindano, nami nikarudi nyuma kitandani. Akanionyesha kwamba ataingilia ubavuni mwa goti, huku akitazama kwenye kioo inakoelekea. Alivuta ute uliobaki, rangi ya manjano kama mafuta ya kupikia, kisha akaingiza dawa ya kutuliza uvimbe. Iliuma, lakini nilikuwa najua kinachofanyika, na maumivu ya namna hiyo yanavumilika. Nikafungwa bendeji, nikaambiwa nipumzike mguu ukiwa juu ya mto, niweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kisha nianze mazoezi ya kukaza paja. "Kifuko chaweza kujaa tena," akasema. "Dawa yake ni kulitunza goti. Na shavu la mguu likivimba ghafla siku nyingine, usiseme ni kile kile. Uje tupime upya."

Nilikaa kwa Bi Maryamu mpaka uvimbe ukapungua, ndipo nikarudi Marafa. Nilishuka barabarani, nikatembea taratibu hadi uani. Katana alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, akisugua kitu kwa msasa. Aliponiona alijaribu kukiweka nyuma yake, lakini kilikuwa kirefu mno. Yalikuwa magongo mawili ya mwarobaini, yamelainishwa, yamefungwa vitambaa kwenye makwapa.

"Ya nani?" nikamuuliza.

Nikasimama karibu na moja. Lilinifika kwapani barabara.

"Umenipima lini?"

"Ulipokuwa umelala," akasema. "Tangu kabla hujaondoka. Nilidhani watakukata mguu, kama Charo."

Nikamwambia yote aliyosema daktari. Alisikiliza akitazama mchanga, na nilipofika mahali pa mfupa alifunika uso kwa leso yangu, hakuuinua kwa muda mrefu. Nilijifunza mengi Kilifi kuhusu goti, na nimewaandikia ili asiwepo kati yenu atakayelazwa nyuma ya pazia la mtu asiyejua anatoboa nini. Lakini jambo ninalolifikiria zaidi nililikuta uani kwangu. Siku zile kabla ya safari tulilala kitanda kimoja, mimi nikijizika na yeye akinizika kimyakimya, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Sasa kila asubuhi nanyoosha mguu na kukaza paja kama nilivyofundishwa. Katana hukaa pembeni na kuhesabu. Nikisikia kitu kimekaza nyuma ya goti, namwambia hapo hapo.