Mshona Matandiko wa Ghazni

Sakhidad alipokuja Marree, mji wetu mdogo wa jangwani, kuziba matairi, alikuwa ameishi Australia miaka saba, na bado mtu akimwuliza kwao ni wapi alijibu tu, "Mbali." Aliikimbia Afghanistan akiwa kijana, na hakupenda kuanza kueleza.

Siku moja Bi Myra, bibi yetu mwenye maneno mengi, alimpelekea tairi lililopasuka. "Kwa jina lako wewe ni Mwafghani; unasoma maandishi ya kwenu? Basi twende makaburini. Babu yangu, aliyekuja huku zamani na misafara ya ngamia, alikuwa mwana wa mfalme kutoka Kabul, ila jiwe lake hapa hakuna anayeweza kulisoma."

Sakhidad alipiga magoti, akapangusa vumbi, akasoma. Kisha akacheka. "Bibi, hapa pameandikwa: Zaidullah wa Ghazni, mshona matandiko ya ngamia."

"Na mfalme je?"

"Hayupo."

"Jamani, na nimewaringia watu miaka sitini!" Bi Myra alicheka hadi akalishika jiwe asianguke. Alipotulia, akamwona Sakhidad anajifuta macho. "Sasa wewe unalia nini?"

"Ghazni ni kwetu. Nilidhani mimi ndiye wa kwanza kupotelea huku."

"Wa kwanza! Umechelewa miaka mia, mjukuu wangu. Twende nyumbani ukanywe chai."

Nyumbani alimtolea tandiko kuukuu la babu yake. Sakhidad akampigia simu mama yake palepale. "Mama, nimempata mshona matandiko wa Ghazni huku!"

"Mishono yake ikoje?"

Akauvuta uzi wa tandiko kwa nguvu. "Haiachii, mama."